Maswali ya Barabarani: "Nikiacha sikio moja wazi, si inatosha?"

Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kipo Msamvu, Morogoro. Napiga kazi usiku zaidi, maana tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wa saa nane na saa tisa wapo na wanalipa vizuri. Bila muziki siwezi kukesha. Nikiwa peke yangu naweka hedifoni masikio yote mawili, nikipata abiria natoa moja. Singeli ndiyo inaniweka macho. Kijiweni tumegawanyika: wengine wanasema sikio moja halina shida, wengine wanasema hata hilo ni kujitafutia ajali. Halafu siku hizi nikilala mchana nasikia mlio mwembamba masikioni kama wa mbu, hauishi. Naomba ukweli, kazi hii ndiyo inalisha wanangu wawili.
*Dereva, Msamvu*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi ya usiku. Nianze na hilo mnalobishania, kwa sababu ndilo wengi wanalikosea.

Sikio moja halitoshi, hata ukipunguza sauti. Honi ikipigwa kushoto kwako, inafika sikio la kushoto kwanza ndipo la kulia. Tofauti yenyewe haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo unaikamata, unalinganisha na ukali wa sauti katika kila sikio, na papo hapo unajua gari liko upande gani. Ukijaza muziki sikio moja, hesabu hiyo inavurugika. Honi utaisikia, ila hutajua imetokea wapi, na utaanza kugeuza shingo kuitafuta. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unapita karibu mita 14 kila sekunde. Shingo ikigeuka sekunde mbili, umeshapita karibu mita 28 bila kutazama mbele.

Msikubali kwa sababu nimesema mimi, jaribuni hapo hapo kijiweni. Msamvu magari ya Dar, Dodoma na Iringa yote yanakutana, kwa hiyo hamtakosa cha kusikiliza. Mmoja akae kwenye benchi, mbali na lami, aipe barabara mgongo, afumbe macho, kisha aoneshe kwa kidole kila gari linatokea upande gani. Atapatia mengi. Halafu achomeke hedifoni sikio moja, muziki kwa sauti yake ya siku zote, arudie. Kila kundi jipya la wanafunzi nalifanyia zoezi hili. Kidole ambacho mwanzo kilikuwa kinanyooka bila wasiwasi kinaanza kusita, kisha kinakimbilia upande wa sikio lililo wazi, hata kama lori limetokea upande mwingine kabisa. Mwanafunzi akifumbua macho akaona, hapo ubishi wa kijiweni unakwisha.

Wafaransa walishalifikisha jambo hili kwenye sheria. Tangu Julai 2015, kwao dereva yeyote, hata wa baiskeli, haruhusiwi kuvaa hedifoni barabarani, na sikio moja linahesabiwa sawa na mawili. Faini ni yuro 135.

Mimi pikipiki nimeijulia kazini, nikiwa bwana mifugo Kilosa, enzi barabara nyingi za huko zilikuwa vumbi tupu. Kiangazi lori likikupita, vioo vyote viwili vinakuwa vyekundu, huoni nyuma wala mbele. Kilichobaki ni kusikia. Unasikia dereva wa lori la pili anashusha gia, unajua amekuona au anajiandaa kupita, unasogea kando mapema. Usiku wako Msamvu ni hivyo hivyo. Taa kali za basi zikikupiga kwenye kioo, kioo hakikusaidii tena, na masikio ndiyo yanabaki kukulinda nyuma.

Kuna na jambo ambalo vijana wa siku hizi hamlizungumzii: pikipiki yenyewe inaongea. Nyingi mnazotumia, Boxer au TVS, cheni yake imefichwa ndani ya kava, labda kama ulishaling'oa. Huioni. Ikilegea inaanza kugonga kava kwa chini, tak, tak, ukiachia mafuta, na ukikaza mafuta inanyamaza kidogo. Beringi ya gurudumu ikianza kufa inavuma, na uvumaji unapanda kadiri mwendo unavyopanda. Spoku iliyolegea inalia kila gurudumu likizunguka. Dereva mwenye masikio wazi anapata taarifa hizi siku kadhaa kabla ya kuharibikiwa, anapitia kwa fundi akiwa na muda wake. Mwenye hedifoni anazipata cheni ikishakatika, na abiria yuko nyuma.

Sasa mlio wa masikioni. Huo usiuchukulie poa. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, ndizo zinazogeuza sauti kuwa taarifa ya ubongo. Kelele ikizidi kwa muda mrefu zinakufa, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Mlio unaousikia chumba kikiwa kimya ni dalili ya masikio yaliyochoshwa, na mwanzoni unaweza kuondoka ukiyapumzisha. Ukiendelea, unakaa.

Tatizo la muziki kwenye pikipiki ni upepo. Watafiti wa Uingereza walipima kelele ndani ya helmeti miaka ya 1990, wakakuta kwa kilomita 60 kwa saa tu inakaribia desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Ili singeli isikike juu ya hapo lazima uipandishe zaidi. Kiwango kinachotumika sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Wewe unakesha. Mjini huendi kilomita 60 muda wote, najua, lakini ukitoka na abiria wa Mikese au Mkambarani unazipita, na ukirudi kijiweni husogezi kitufe cha sauti kurudi chini. Hakuna anayefanya hivyo, kwa sababu sikio limeshazoea.

Nenda hospitali ya mkoa, omba kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Usitie mafuta wala maji ya kitu chochote. Na kwa safari ndefu za barabara kuu, kuna vizibo laini vya sponji, vinauzwa maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Najua utauliza, mwalimu amenikataza hedifoni halafu ananizibisha masikio? Kizibo kinashusha sauti zote kwa pamoja, upepo na honi, kwa hiyo honi bado inajitokeza juu ya upepo. Muziki unaongeza sauti nyingine juu ya zote, na honi inazama humo. Weka vizibo viwili, masikio yote mawili, na ukiingia mjini vitoe.

Nimeacha usingizi mwisho kwa sababu ndio unaoniogopesha zaidi kwenye barua yako. Muziki haukufanyi uwe macho. James Horne na Louise Reyner wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walilipima jambo hili mwaka 1998 kwa madereva wenye usingizi. Redio iliwasaidia kidogo, kwa muda mfupi, kisha usingizi ukarudi pale pale. Kilichofanya kazi kwenye tafiti zao nyingine ni kahawa na kulala kidogo, robo saa hivi. Na kuhusu singeli, naipenda kama wewe, harusi bila singeli mimi sioni raha. Lakini Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, aliwaweka watu kwenye mashine ya kuigiza udereva wa gari mwaka 2001, akakuta mdundo ukiharakishwa, mwendo unapanda na taa nyekundu zinavukwa zaidi. Mwenye usingizi anayekimbizwa na mdundo ndiye mtu nisiyetaka nikutane naye saa tisa usiku.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Muziki uhamie kijiweni. Changeni mnunue spika moja, singeli ipigwe mkiwa mmesimama, mcheke, mcheze. Basi likichelewa, lala robo saa kwenye benchi na umwambie mwenzako akuamshe. Mpeane zamu, na atakayecheka mwenzake akilala mumuonye. Kahawa ya muuza kahawa inywe kabla ya kulala, itaanza kufanya kazi ukiamka. Ukipata abiria na macho yanajifunga yenyewe, mpe mwenzako hiyo safari. Nauli ya safari moja utaipata kesho, na wanao wanakuhitaji zaidi ya hiyo nauli.

Habari za kazi mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, natoka zamu saa nne usiku na usafiri wangu ni bodaboda. Vijana wengi wana hedifoni. Nikisema "punguza mwendo" hasikii, nikimpiga bega anashtuka, pikipiki inayumba. Nifanyeje?
*Muuguzi, Mwanza*

Nzuri dada yangu, na asante kwa kazi yenu. Maneno yote yamalizike kabla hujapanda. Simama mbele yake, mwambie kwa upole: "Mdogo wangu, naomba utoe hedifoni, tutaongea njiani." Wengi watatoa. Akikataa au akianza kukueleza kwamba ameshazoea, mshukuru uende kwa mwingine. Hulazimiki kugombana naye.

Kisha mpatane alama, hapo hapo mkiwa mmesimama. Kumgusa bega taratibu mara moja iwe punguza, mara mbili iwe simama. Alichoelezwa mapema hakimshtui. Na ukimpata mmoja anayeendesha vizuri, chukua namba yake, awe wako wa kila zamu. Kwa mwanamke anayetoka kazini usiku hilo nalipendekeza kuliko kuokota yeyote getini.

Mzee shikamoo. Nina Boxer nimempa kijana anafanya biashara hapa Kahama. Ameweka redio ya Bluetooth na spika mbili kwenye usukani. Sasa kila asubuhi stata haizunguki, anapiga kiki. Tumebadilisha betri, baada ya muda ni yale yale. Na je, hizo spika nazo ni hatari kama hedifoni?
*Mwenye chombo, Kahama*

Marahaba ndugu yangu. Spika za nje ni nafuu kuliko hedifoni, kwa sharti moja: abiria aweze kuongea sauti ya kawaida na dereva amsikie. Ikibidi abiria ainame na kupiga kelele, sauti imezidi. Na apitapo hospitali, msikitini, kanisani au penye msiba, azime kabisa. Hilo mwambie wewe mwenye chombo, atakusikiliza.

Betri haina kosa. Fundi wenu ameunga redio moja kwa moja kwenye betri, nina hakika ukifungua utakuta hivyo. Redio za namna hiyo hata zikizimwa zinaendelea kunyonya umeme kidogo kidogo usiku kucha. Tena kijana anapiga muziki kijiweni injini ikiwa imezimwa. Piga hesabu: redio ya wati 20 kwenye volti 12 inakula karibu ampia 1.7. Betri imeandikwa ubavuni, tuseme 5Ah, yaani inatoa ampia 5 kwa saa moja. Ndani ya saa tatu imekwisha kabisa, na stata itakataa mapema zaidi ya hapo.

Mpeleke kwa fundi umeme, siyo fundi wa injini. Waya wa redio uhamishiwe kwenye ule unaopata umeme funguo ikiwashwa tu, usipite kwenye waya wa taa kubwa, maana taa itafifia usiku. Karibu na chanzo chake uwekwe fyuzi ya ampia 3, na maungio yachomwe risasi, yafungwe vizuri, siyo kusokotwa na kuzungushiwa selotepu. Kabla hamjaondoka hapo, fundi azime funguo, achomoe waya hasi wa betri na aweke mita ya kupimia umeme kati ya waya huo na betri. Isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, kuna waya mwingine bado unanyonya, asiwaachie mpaka aupate.