Kanga za bibi zimepauka, nizichovye rangi upya?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Tanga, mama wa watoto wawili. Bibi yangu alifariki mwaka jana akaniachia sanduku la kanga zake, nyingi zimechakaa, zingine zimetoboka kabisa, na kopo la maziwa ya unga limejaa vifungo. Nataka nishone kitu cha kutundika sebuleni ila rangi zimepauka mpaka nyekundu imekuwa pinki. Mume wangu anasema hayo ni matambara ya kudekia, na fundi kaniambia nizichovye rangi kwanza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usichovye! Huyo fundi mwambie shangazi kakataa. Ukizichovya unapata kanga ambazo bibi yako hajawahi kuzivaa, sasa utakuwa umetundika nini?

Ngoja nikupe kisa cha Marekani. Jimbo la Alabama kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, mto umekizunguka pande tatu, wenyeji ni Wamarekani weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa wa mashamba ya pamba. Nyumba zao zilikuwa zinapitisha baridi hivyo kina mama wakawa wanashona mablanketi ya viraka kwa nguo zilizochakaa, shida tu, hakuna aliyekuwa anawaza sanaa. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alimwita bintiye wakachukua nguo za kazi za marehemu, wakazikata wakaziunga blanketi la kumkumbukia na la kujifunika. Sasa nguo ya shamba ina siri moja, ukibandua mfuko au kiraka cha goti, chini yake unakuta rangi ya mwanzo kabisa na pembeni jua limeshaila, kwa hiyo kwenye mablanketi ya kijiji kile unaona kabisa pale goti lilipokuwa linagusa ardhi. Mwaka 2002 yalitundikwa kwenye makumbusho ya Whitney kule New York, na 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu 10. Matambara ya kudekia hayo, mwambie baba watoto.

Kwa hiyo tandika kanga zako zote chini mchana, zitazame kabla hujashika mkasi. Tafuta palipokuwa pamekunjwa kiunoni, palipokaa mtoto mgongoni, alama ya mkaa, doa la mafuta ya nazi. Hivyo ndo vipande vyako vya katikati. Na jina la kanga usilikate vipande jamani, litoe zima ushone kama mstari, maana bibi alichagua kanga ile kwa maneno yake na pengine kuna jirani aliambiwa. Kanga usiyo na uhakika nayo, lowesha kona, bonyeza kitambaa cheupe, kikitoka na rangi basi ifue peke yake kwa maji baridi mpaka iache kuchuja, la sivyo itachafua wenzake. Jiki marufuku. Nyuma weka shuka la pamba au kaniki ishike uzito, na vifungo shonea pale palipotoboka. Halafu usitundike mkabala na dirisha, jua la Tanga unalijua wewe mwenyewe.

SWALI: Shangazi mambo, mimi kijana wa Morogoro, nakusanya vifuniko vya soda na bia nitengeneze picha ya ukutani. Nivipige rangi ya spray vifanane?

JIBU: Poa, ila kwangu ni shikamoo. Vifanane vya nini sasa? Kuna mzee anaitwa El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, yeye anachukua vifuniko vya chupa za pombe, vile laini vya alumini, vinapondwa, vinatobolewa, vinaungwa kwa waya wa shaba mpaka linatoka kama shuka kubwa linaloning'inia ukutani, na ile dhahabu na nyekundu unayoiona ni ya kiwanda cha pombe chenyewe. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia. Vya kwako vya soda ni chuma, vigumu zaidi, na vitashika kutu, ila kutu nayo ni rangi, iache. Toboa kwa msumari juu ya ubao na uvae glavu, zile kingo zinakata.