Kikombe kimegeuka mkono, na mlango ulikuwa umefungwa

SWALI: Shikamoo shangazi, naomba usinitaje jina maana mmoja wa hawa majirani ninaokwenda kuwaeleza ni msomaji wako. Mi ni mdada wa miaka 31, naishi peke yangu ghorofa ya pili, na mlango unaotazamana na wangu anakaa kaka mmoja ambaye tuko pamoja mwezi wa nane sasa. Mkewe aliondoka kabla mi sijahamia. Mwanzo ilikuwa raha tu, yaani akisikia nakohoa huyo keshabisha hodi na dawa mkononi.

Sasa juu yangu anakaa mama mmoja mtu mzima, mpole, ananiita mwanangu, na ndo namwachia ufunguo wa akiba nikisafiri anisaidie kumwagilia maua. Miezi miwili iliyopita akanisimamisha kwenye ngazi akaninong'oneza, mwanangu, yule mwanamke hakuondoka, alipotea, leo yupo kesho hayupo na nguo zake zimebaki kwenye kamba. Shangazi, tangu siku ile sijalala. Nimeanza kuandika kwenye daftari, nimefika vitu 23. Anaoga saa nane usiku. Stoo yake ina kufuli. Nikichelewa kurudi anajua. Simu yake anailaza kifudifudi.

Halafu kuna kikombe. Mi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kikombe changu cha bluu nakiweka pale kwenye sinki chini ya maua, mkono wake umeelekea dirishani, kila siku hivyo hivyo, hata gizani nakishika. Jumanne jioni narudi kazini, mkono umeelekea ukutani. Hakuna kilichoibiwa, mlango umefungwa kama nilivyouacha. Nikamwambia yule kaka, akacheka, akasema utakuwa umesahau, kichwa chako kimechoka. Sijawahi kumpa ufunguo, lakini mtu kama huyo atashindwa kuchongesha? Nikamweleza mama wa juu, akajishika kifua, akasema, nilikwambia.

Kinachonitisha zaidi ni mimi mwenyewe. Kadiri ninavyomwogopa ndivyo ninavyomtaka, akinishika natetemeka na sijui natetemekea nini. Je, nimerogwa na mapenzi au naishi mlango kwa mlango na muuaji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu, na nitakujibu kinyumenyume maana swali lako la mwisho ndo jepesi kuliko yote.

Hujarogwa. Mwaka 1974 watafiti wawili, Dutton na Aron, walimweka dada mmoja mrembo kwenye daraja la kuning'inia huko Kanada, linayumba, chini yake kama mita 70 mpaka mtoni, akawa anawahoji wanaume wanaopita na kuwapa namba yake ya simu. Kisha kazi hiyo hiyo ikafanyika kwenye daraja la mbao lililotulia, la chini. Waliochukua namba kwenye daraja la kuyumba walikuwa 18 na 9 kati yao walipiga, wa daraja lililotulia walikuwa 16 wakapiga 2. Moyo unaodunda hauji na lebo, mwanangu. Mtu ameogopa kimo, macho yakaangukia kwa mrembo, akili ikasema kumbe ni huyu. Wewe miezi miwili unalala juu ya daraja la namna hiyo, kwa hiyo hicho kitetemeshi usikichukulie kuwa ushahidi wa mapenzi, na usikichukulie kuwa ushahidi wa hatari pia. Kiache pembeni kwanza.

Tuje kwenye daftari. Vitu 23! Nimejaribu kutafuta hata kimoja ambacho kingeandikwa tofauti kama huyo kaka angekuwa hana hatia na sijakiona. Mtu wa zamu anaoga saa nane usiku. Mlango wake unatazama wako, atashindwaje kujua umechelewa? Na kufuli la stoo, mbona hata mi ninalo na ndani kuna masufuria tu. Kuna mwanasaikolojia wa Uingereza anaitwa Peter Wason, mwaka 1960 aliwapa watu namba 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni, itafuteni kwa kunitajia namba nyingine tatu tatu nami nitawaambia kama zinafuata au hazifuati. Watu wakaanza, 8, 10, 12, ndiyo, 20, 22, 24, ndiyo, wakatangaza kwa kifua mbele kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Siyo. Kanuni ilikuwa namba yoyote inayopanda, hata 1, 5, 90 ingekubali. Walikuwa wanauliza maswali ya kuitikiwa ndiyo tu. Daftari lako ndo hilo, umeshaamua kanuni ni muuaji, kila siku unapeleka 8, 10, 12.

Sasa nitakuuliza mimi lile la kuitikiwa hapana. Nani ana ufunguo wako?

Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, mstari wa pili tu baada ya kumtaja mama wa juu. Na maua umesema yako juu ya sinki, na kikombe kiko chini ya maua. Mtu akitaka kumwagilia lazima akisogeze, na kama anatumia mkono wa kulia akikirudisha kitaelekea upande mwingine. Simaanishi mama wa watu ni mbaya, usije ukaanza daftari la pili. Watu wazima wapweke wana tabia hiyo, umempa ufunguo wa safari naye anaona maua yanakauka Jumanne ya kawaida, anashuka, anamwagilia, anakaa kidogo kwenye kiti chako, anapanda. Ningeishia hapo na kukwambia mwombe ufunguo wako kwa heshima, mambo yaishe.

Ila kuna lile neno alilokujibu, nitalirudia baadaye.

Huyo kaka naye simsafishi. Mpenzi wako anakuja na hofu, wewe unacheka na kumwambia kichwa chako kimechoka, hilo si jibu zuri hata kama una roho ya malaika. Vijana siku hizi wanaliita gasilaiti, na wengi hawajui lilipotoka. Ni mchezo wa kuigiza wa Patrick Hamilton, ulichezwa Uingereza mwaka 1938, mume anamfanya mkewe aamini anachanganyikiwa, na kila mume akitoka jioni mke anaona taa za gesi sebuleni zinafifia. Hazikuwa zinafifia kichwani mwake. Gesi ya nyumba nzima ilikuwa inagawana bomba, kwa hiyo mtu akiwasha taa juu, za chini zinapungua, na mume ndo alikuwa anarudi kwa siri kupekua huko juu. Yule mke alikuwa anaona sawasawa kabisa, alichokosa ni mtu wa kumwambia mwanga unatoka wapi. Na wewe umeona sawasawa, kikombe kiligeuka. Usikubali mtu akwambie hakikugeuka.

Habari ya yule mke wa huyo kaka, muulize kaka mwenyewe, mchana, mahali penye watu, swali moja tu, mkeo yuko wapi siku hizi. Usimtajie nguo wala kamba. Mtu aliyeachana kawaida ana jibu la kuchosha, yuko kwa dada yake, ameolewa, tunagombania makochi. Aliyepotea kweli huacha ndugu wanaomtafuta na jalada polisi, na jibu lake likikuacha na baridi mgongoni nenda ukaulize huko, usiulizie kwenye ngazi. Angalia pia kwamba kila unachojua kuhusu huyo mwanamke umekipata kwa mtu mmoja, kwa mnong'ono.

Kabla ya hayo yote, leo hii, leta fundi abadilishe kitasa. Usimwambie mtu, si wa mbele wala wa juu. Kikombe kiweke kama kawaida, mkono dirishani, na subiri, maana mwenye ufunguo wa zamani atakapokuta hauingii utajua kwa namna atakavyouliza.

Maana ulipomweleza mama habari ya kikombe, mwanangu, mtu mwenye ufunguo wako nyumbani kwake, mtu anayemwagilia maua hayo hayo, kitu cha kwanza ambacho yeyote angesema ni, aa, labda ni mimi. Yeye alijishika kifua akasema, nilikwambia.

Niandikie ukishabadilisha kitasa.