Kabla ya kumpeleka mgonjwa wa kifafa India kuwekewa kifaa cha umeme

Tangu mdogo wangu awekewe kifaa cha umeme kwa ajili ya kifafa, watu hapa Bukavu, Kongo, wananiuliza mambo mawili: ni bei gani, na delestaji (umeme kukatwa mtaani) ikija anafanyaje. La delestaji ni jepesi. Kifaa kina betri yake humo humo ndani ya mwili, hakichomekwi popote. Hata mtaa wote ulale gizani wiki nzima, chenyewe kinaendelea. La bei naomba nilizunguke kidogo, maana wengi wanaouliza hawajafika mahali pa kukihitaji.

Kifafa kinahesabiwa kuwa kimeshinda dawa pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, zikanywewa kwa kipimo kinachotosha na bila kuruka, zimeshindwa kukizuia. Ndivyo ILAE, shirika la kimataifa la kifafa, lilivyokubaliana mwaka 2010. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wamo humo. Lakini kwetu kuna wengi ambao kifafa chao kinaitwa sugu na bado hakijafika hapo: huyu anakunywa Gardenali (dawa ya kifafa, fenobabitali) mwezi ambao pesa ipo, yule anaiacha akienda kwenye maombi. Mdogo wangu alipopandishwa kwenye mizani, alikuwa na kilo 52. Kipimo alichokuwa anameza aliandikiwa akiwa mtoto wa kilo 25, na kila ordonansi (karatasi ya dawa ya daktari) mpya ilinakili ile ya zamani. Kiliporekebishwa tu, kuanguka kulipungua sana. Hakukuisha, lakini miezi ile alipika mwenyewe kwenye mbabula (jiko la makaa) bila mtu kumsimamia.

Basi anzeni hapo. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, vituo vya magonjwa ya akili na ya ubongo; nendeni na uzito wa mgonjwa, majina ya dawa zote alizowahi kunywa, na video ya simu. Wakati anaanguka, mmoja amlaze ubavu na kusogeza vitu vya kumuumiza (kijiko mdomoni hapana, na povu haliambukizi mtu), mwingine apige picha: macho yanaelekea wapi, mkono gani unaanza. Kwetu video ilionyesha mkono wa kushoto unakunjika kwanza kabla mwili wote haujafuata. Dokta aliirudia mara nyingi kuliko karatasi zote tulizombebea. Zaidi ya hayo, si kila anayeanguka ana kifafa, na asiye nacho hakuna dawa ya kifafa itakayomponya. Na Gardenali msiikate ghafla, hata akilalamika usingizi. Kifafa kinaweza kuja mfululizo bila yeye kuzinduka, na hiyo inaua.

Dawa zikishindwa kweli, ulizeni kwanza upasuaji wa kuondoa sehemu inayoanzisha kifafa. Watu wanauogopa kuliko kifaa, mimi naona wanaogopa kinyume. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa 2001, kwa kifafa cha sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji walikaa mwaka bila kupoteza fahamu kwa kifafa. Waliobaki na dawa tu, asilimia 8. Kifaa hakina matokeo ya namna hiyo. Kwetu upasuaji ulikataliwa kwa sababu vipimo vilionyesha kifafa kinaanzia sehemu zaidi ya moja.

Vifaa viko vya aina tatu. Kimoja nyaya zake zinaingia ndani kabisa ya ubongo, kwenye thalamasi. Kingine, kilichoidhinishwa Marekani 2013, kinasikiliza ubongo na kutoa umeme pale tu kinapoona kifafa kinaanza. Cha mdogo wangu ndicho cha zamani kuliko vyote, Marekani walikiidhinisha 1997, na hakigusi ubongo wenyewe: betri iko chini ya ngozi ya kifua, waya unapanda hadi kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni upande wa kushoto. Jirani mmoja alieneza kwamba msichana anapigwa umeme kichwani. Hapana.

Kinafanya kazi kwa sekunde 30, kinapumzika dakika 5, usiku na mchana. Katika sekunde hizo sauti yake inakwaruza. Anaimba alto kwenye kwaya ya parokia, kwa hiyo ilikuwa kesi kubwa nyumbani kuliko kovu. Tulipewa sumaku ya kuvaa mkononi: ukiipitisha juu ya kifaa wakati kifafa kinakaribia, kinatoa umeme wa ziada, ukiishikilia hapo hapo, kinanyamaza. Siku ana solo, utamwona ameweka mkono kifuani kama mtu mcha Mungu sana.

Sasa bei. Ni maelfu ya dola, na hapo hamjahesabu viza, nyumba ya kupanga na chakula cha anayemsindikiza. Familia nyingi zinachangisha za upasuaji na tiketi, basi. Lakini umeme hauwekwi wote siku moja. Unapandishwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na anayepandisha lazima awe na mashine yake. Msikate tiketi ya kurudi kabla hamjauliza ni nani atafanya hiyo kazi mkishavuka Ruzizi, mto wa mpakani, kurudi nyumbani. Kuna vifaa vipya vinavyoweza kupangiwa ratiba vijipandishe vyenyewe. Kwa mtu wa Bukavu, ningelipa zaidi nipate hicho.

Na dawa anaendelea kunywa. Takribani nusu ya wenye kifaa hiki wanapunguza kuanguka kwa nusu au zaidi, taratibu, pengine mwaka au miwili. Wanaopona kabisa ni wachache. Mdogo wangu bado anaanguka, ila anazinduka haraka na amerudi shule. Kuoga ziwani bado tumemkatalia, na amenuna.

Betri ikiisha baada ya miaka kadhaa, kifua kinafunguliwa tena kuibadilisha. Ya kwake bado ni nzima, lakini likelemba yake (mchango wa kupokezana) tumeshaianza, baba mdogo ndiye anashika daftari.