Kabla hujanunua Jersey, jiulize maziwa yatakwenda wapi

Mtu akinipigia simu kuuliza achukue ng'ombe wa maziwa aina ya Jersey au Friesian, namuuliza kwanza: maziwa utampelekea nani? Kama mnunuzi wako analipa bei ileile kwa lita, yawe mazito au mepesi, chukua Friesian mwenye lita nyingi, ilimradi una majani ya kumshibisha. Nasema hivyo ingawa bandani kwangu Friesian hayupo tena.

Nafuga Marangu, Kilimanjaro, ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na ng'ombe hatoki bandani mwaka mzima. Majani tunayabeba, mengine tunayafuata hadi tambarare. Friesian niliyekuwa naye alikaribia kilo 600. Ng'ombe wa maziwa hula kwa siku kama kilo 3 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za uzito wake, na majani mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo yule alihitaji karibu kilo 90 za majani kila siku. Kiangazi hatukuweza kabisa. Akakonda, lita zikashuka, tukampandisha mara tatu mimba ikakataa. Hakuwa ng'ombe mbaya. Sisi ndio hatukuwa na shamba la kumlisha.

Jersey niliyemleta baada yake ana kilo 400 hivi, na mzigo wa majani umepungua kwa theluthi moja. Watu wakiona ndoo yake wananihurumia. Mimi napiga hesabu: lita 11 zenye mafuta asilimia 5 zinanipa karibu gramu 550 za mafuta. Friesian wa lita 15, mafuta asilimia 3.6, angenipa gramu 540. Protini nayo iko juu, inakaribia asilimia 4, ndiyo maana mtindi wake unaganda hadi unakatwa kwa kijiko. Nauza mtindi na samli, kwa hiyo ndoo ile ndogo inanitosha.

Asili ya Jersey ni kisiwa chenye jina hilohilo, karibu na pwani ya Ufaransa. Kisiwa jirani cha Guernsey nacho kina ng'ombe wake, mwenye maziwa ya rangi ya dhahabu kwa sababu karotini, rangi ya njano iliyomo kwenye majani, inapita na kuingia kwenye mafuta. Na tafadhali usimdharau ng'ombe wetu wa kienyeji. Maziwa ya Zebu ni mazito, mara nyingi mafuta yanafika asilimia 5. Tatizo ni kwamba ni kidogo mno. Ukiwa na jike la kienyeji na fedha haitoshi kununua mtamba, mhimilishe kwa mbegu ya Jersey. Ndama wake ni mdogo, hampi mama shida ya kuzaa, na chotara utakayempata anavumilia joto.

Ukienda kununua, usionje maziwa ya kikombe unacholetewa. Maziwa ya mwanzo wa kukamua ni mepesi, ya mwisho ndiyo yenye mafuta. Omba akamuliwe mbele yako mpaka kiwele kiishe, koroga yote, jaza chupa ya kioo, uiache usiku kucha mahali penye baridi. Asubuhi malai yatakuwa yamejipanga juu, unaona kwa macho. Na ukishamfikisha nyumbani usimshindilie pumba ukapunguza majani. Mafuta ya maziwa yanategemea sana majani yenye nyuzi anayocheua. Jersey anayelishwa pumba nyingi atakupa maziwa mepesi, halafu utamlaumu aliyekuuzia.

Jambo ninalotaka ulishike sana ni homa ya maziwa, yaani kupungukiwa ghafla na kalisi (kalsiamu, madini ya mifupa) ng'ombe anapozaa, maana Jersey anaipata kuliko ng'ombe wengine wengi, hasa kuanzia uzao wa tatu. Wangu nilimkausha vizuri, yaani niliacha kumkamua kabla hajazaa, kisha kwa mapenzi nikamlisha lusina, malisho ya jamii ya mikunde, kila siku hadi akazaa. Lusina ina kalisi nyingi. Mwili ukiizoea ile ya kupewa, unachelewa kuichota kwenye mifupa pale maziwa yanapoanza kuivuta kwa kasi. Asubuhi baada ya kuzaa nilimkuta amelala, shingo ameikunjia ubavuni, masikio baridi kama jiwe. Daktari wa mifugo alikuja akamwekea kalisi mshipani, polepole, huku akisikiliza moyo. Kabla ya adhuhuri ng'ombe alisimama. Daktari angechelewa saa chache ningempoteza.

Sasa lusina naiondoa wiki tatu kabla ya kuzaa, nampa majani ya kawaida na madini aliyonielekeza daktari. Daktari mwenyewe namjulisha tarehe mapema, asije akawa safarini. Na usiku wa kuzaa silali: kila baada ya saa moja nakwenda na tochi, namshika masikio.