Maswali yenu: Marekani inapoitazama Afrika, inamtazama nani?

Siku hizi nusu ya maswali yanayonifikia yanahusu Marekani. Wanaoniuliza ni wavuvi, walimu, hata kijana mmoja wa bodaboda. Nimechukua sita, na mengine yatasubiri zamu yake.

Kila rais wao anakuja na jina lake la mradi. Sera inabadilika kweli, au wanabadilisha kanga tu? (Mchuuzi wa dagaa, Mwaloni Kirumba)

Kanga inabadilika, na maandishi yake pia. Mvaaji ni yuleyule. Mimi nikitaka kuielewa sera yao sijiulizi wanaipenda Afrika kiasi gani. Najiuliza wakati huo wanagombana na nani.

Kuanzia miaka ya 1960 ugomvi ulikuwa na Wasovieti. Ndiyo maana Mobutu alitawala Kongo tangu 1965 hadi 1997, na kwa sehemu kubwa ya muda huo Washington ilimbeba, kwa kuwa hakuwa mkomunisti. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, hamu ya kumbeba ikaisha. Kisha yakaja mabomu ya balozi zao Dar es Salaam na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, halafu mashambulizi ya Septemba 2001 kwao Marekani, na ugomvi ukawa na magaidi. Hapo ndipo ikazaliwa AFRICOM, kamandi ya jeshi lao kwa ajili ya Afrika, iliyoanza kazi rasmi mwaka 2008. Makao yake mpaka sasa yako Stuttgart, Ujerumani. Siku hizi ugomvi ni China na madini.

Sisemi hakuna jema lililofanyika. Februari 2008 Rais Bush alikuja Dar es Salaam na ukasainiwa mkataba wa Changamoto za Milenia, dola milioni 698 za barabara, umeme na maji. Awamu ya pili ilisimamishwa Machi 2016, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Mwezi mmoja kabla, ng'ambo ya ziwa letu, uchaguzi wa Uganda nao ulilalamikiwa sana. Msaada wa kijeshi haukukatwa, kwa kuwa askari wa Uganda walikuwa Somalia wakipambana na magaidi. Sasa jijibu mwenyewe habari ya kanga.

Nilipokuwa kijana tuliambiwa vijana wa Kennedy ni majasusi. Ilikuwa kweli? (Mwalimu mstaafu, Nansio, Ukerewe)

Shikamoo mwalimu. Kundi la kwanza la Peace Corps, vijana wa kujitolea wa mpango wa Kennedy, lililoletwa Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, walimu walifuata. Kwamba walikuwa majasusi, hilo halikuthibitishwa. Ila hofu ya wakubwa wetu haikutoka hewani. Januari mwaka huohuo Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa ameuawa, na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilikuwa imepanga njama ya kumwua kwa sumu kabla wengine hawajamfikia.

Hofu ikishaingia, hata simu inasikika vibaya. Januari 1965 wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja Zanzibar na mwingine Dar es Salaam, walizungumza kwa simu kwa mafumbo: wakitaka "silaha kubwa zaidi", yaani hoja nzito zaidi, ili wakubwa wao watume salamu za sherehe za Mapinduzi. Waliokuwa wakisikiliza wakaelewa silaha ni silaha, na wote wawili wakafukuzwa nchini. Yule wa Zanzibar, Frank Carlucci, baadaye akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, kwa hiyo silaha alikuja kuzipata.

Mwaka 1994 miili ilikuja na maji ya Kagera hadi ziwani. Watu wakaogopa kula samaki. Marekani na nguvu zake zote ilikuwa wapi? (Mvuvi wa zamani, Kayenze)

Ilikuwa Mogadishu, Somalia, mzee wangu. Yaani ilikuwa bado inawaza Mogadishu.

Oktoba 1993 askari wao 18 waliuawa katika mapigano ya mji ule, na mwili wa mmoja ukaburutwa barabarani huku kamera zikipiga picha. Wamarekani waliona majumbani mwao, wakati wa chakula. Clinton akatangaza kuwarudisha wanajeshi. Miezi sita baadaye Rwanda ikawaka, na ndani ya Ikulu yao hakuna aliyetaka kusikia neno "askari" na "Afrika" katika sentensi moja. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa na wiki mbili, Baraza la Usalama lilipiga kura kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa Rwanda, kutoka askari wapatao 2,500 hadi 270. Marekani iliunga mkono. Mapema Mei Clinton akasaini mwongozo mpya uliobana zaidi ushiriki wa nchi yake katika vikosi vya aina hiyo.

Halafu kukawa na mchezo wa maneno, na huo ndio unaonikera kuliko yote. Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1948 unaozitaka nchi kuzuia mauaji ya kimbari. Ukishayaita hivyo, umejifunga kamba mwenyewe. Kwa hiyo Juni msemaji wa wizara yao ya mambo ya nje alikiri kuwa kumetokea "vitendo vya mauaji ya kimbari", akakataa kusema kwamba ni mauaji ya kimbari. Wakati huo mto Kagera, unaotenga Rwanda na sisi kabla ya kumwaga maji yake ziwani, ulikuwa unaendelea kuleta ulichokuwa unaleta. Nyinyi mliokuwa majini hamkuhitaji msemaji.

Machi 1998 Clinton alifika Kigali, akakiri kwamba hawakufanya vya kutosha. Aliyasema hayo akiwa uwanja wa ndege, na mjini hakuingia.

Natumia dawa za VVU kliniki ya CTC. Wale dada wa mradi waliokuwa wakitufuatilia nyumbani hawaonekani tena. Na dawa zitaondoka? (Mama wa watoto watatu, Sengerema)

Kwanza usikatize dozi hata siku moja kwa sababu ya habari za mitaani. Nenda kliniki ukaulize wenyewe.

Fedha hizo ni za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa na Bush mwaka 2003, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 15 za mwanzo. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye dawa za kuokoa maisha zikaruhusiwa kuendelea. Dada wa kukufuatilia nyumbani hakuhesabiwa kuwa dawa. Ifikapo 1 Julai 2025 USAID, shirika lao la misaada lililoanzishwa enzi ya Kennedy, likawa limefungwa na mabaki yake kuingizwa wizara ya mambo ya nje. Ajira za wale dada zilikuwa za mikataba ya miradi, na mradi ukifa mkataba unakufa nao.

Daraja letu wamejenga Wachina. Wamarekani mbona hawajengi? (Bodaboda, Busisi)

Wachina ni makandarasi, kaka. Fedha za daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ni za serikali yetu. TAZARA, reli yetu ya kwenda Zambia, ndiyo ilikuwa mkopo wa China, usio na riba, baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kusema reli haitalipa. Kilomita 1,860, wakaikabidhi mwaka 1976. Wamarekani nao wameamka: wanakopesha fedha za kufufua reli ya Lobito, Angola, ili shaba ya Kongo itokee Atlantiki.

Mwanangu aliniuliza tukiwa kwenye Jiwe la Bismarck: Wamarekani walikuwepo wakati wa kuigawana Afrika? (Mzazi, Nyamagana)

Walikuwepo. Walituma wajumbe kwenye mkutano wa Berlin wa 1884–85, ulioitishwa na Bismarck huyohuyo wa jiwe, lakini Seneti yao haikuuridhia mkataba. Mwambie pia kwamba Aprili 1884, miezi kadhaa kabla ya mkutano wenyewe, Marekani ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua bendera ya chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Kongo. Kulekule kunakotoka shaba ya Lobito.