Waya wa mikseta peke yake haukupi taarab

Wiki hii kijana mmoja wa Chake Chake ameniandikia. Amerekodi taarab ya harusi kwa waya kutoka kwenye mikseta, na alipofika nyumbani akasikia mwimbaji mtupu, fidla kama zimo chumba cha pili, dumbaki halimo kabisa. Anauliza kadi yake ya sauti, kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, ina kasoro gani. Haina kasoro.

Mikseta hubeba kile ambacho spika zinahitaji kuongeza, basi. Dumbaki linajaza ukumbi lenyewe, kwa hiyo fundi mitambo halishughulikii sana. Mwimbaji hawezi kushindana na safu ya fidla, ndiyo maana anapandishwa. Ukichukua waya ule peke yake umechukua upungufu wa ukumbi, hukuchukua muziki. Tumia kadi ya njia 4: mbili za mikseta, mbili za maikrofoni zako.

Mwombe fundi njia zako mbili mapema, kabla wapigaji hawajaanza kupima sauti. Akiwa na AUX mbili (njia za ziada za kutolea sauti) zilizo wazi, hizo ndizo bora, kwa sababu anaweza kukuongezea ala za nyuzi, kanuni na udi, bila kugusa kinachosikika ukumbini. Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tundu la XLR, lile la pini tatu, kwenye kadi nyingi ni la maikrofoni, linangojea milivolti chache tu, mikseta kubwa kwa kawaida inatoa volti moja na zaidi (+4 dBu ni volti 1.23). Sauti inaweza kupasuka hata ukishusha geini (kiasi cha kukuza sauti inayoingia) mpaka mwisho, na sauti iliyopasuka haitengenezeki tena kwenye kompyuta. Chukua waya wenye XLR ya kike upande wa mikseta na jeki nene ya TRS, ile yenye mistari miwili, upande wa kadi. Jeki huingia katikati ya tundu lile lile lakini hupita njia ya laini, yaani ya sauti yenye nguvu kama ya mikseta. Kitufe cha INST, cha gitaa, kiwe kimezimwa.

Jeki ina faida ya pili. Maikrofoni za kondensa zinataka volti 48, na kwenye kadi nyingi ndogo kitufe kimoja hulisha XLR zote kwa pamoja. Mikseta iliyochomekwa kwa XLR itapelekewa umeme huo mgongoni. Kwa jeki, kwa kawaida haupiti.

Ukisikia mvumo mzito usiokatika, hiyo ni hezi 50 ya umeme wa ukutani: mikseta na kompyuta zimeshika ardhi kwa njia mbili. Chomoa chaja kwanza. Mvumo ukikatika, rekodi kwa betri, na umeme wa mtaa ukizima katikati ya wimbo rekodi yako ya maikrofoni haitazimika. Usipokatika, weka DI yenye transfoma, kisanduku kinachotenganisha umeme wa vifaa viwili, baina ya mikseta na kadi. Waya wa ardhi wa plagi usikatwe kamwe. Hapo unacheza na roho za watu waliokuja harusini.

Geini weka vilele vicheze kati ya -18 na -12 dBFS (0 ndiyo mwisho, hapo sauti hupasuka), kwa biti 24. Usiipime kwa wimbo wa ufunguzi ukaridhika. Watu wakianza kutunza, bendi nzima inapanda.

Maikrofoni zako simamisha kwenye stendi moja, juu ya vichwa vya watu, mita 3 au 4 mbele ya wapigaji, vichwa vya maikrofoni viachane sentimita 17 na vifunguke nyuzi 110. Zisitazame spika. Mahali pa wazi kama Ngome Kongwe ya Unguja zivishe sponji au manyoya, upepo wa bahari huunguruma kuliko besi.

Kila mita 10 sauti huchelewa kama milisekunde 29, lakini waya hauchelewi. Mtu apige kofi moja kubwa mbele ya kipaza sauti cha mwimbaji kabla ya kuanza. Baadaye sogeza njia za mikseta mpaka makofi yalingane, la sivyo kila neno litakuwa na kivuli.

Na faili: njia 4 kwa 48 kHz hula karibu GB 2 kwa saa. Faili moja la WAV hukomea GB 4, yaani saa 2 na dakika chache, na taarab ya harusi ndiyo kwanza imechangamka. Gawa kila njia faili lake.