Maswali ya Wasomaji: Mita Sitini Kutoka Mtoni

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepakia kwenye ArcGIS Online, programu ya ramani ya mtandaoni, matabaka mawili ya data niliyoyatoa OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, moja la mito na jingine la majengo ya Dar es Salaam, kwa kuwa nataka kujua ni majengo gani yaliyo ndani ya mita 60 kutoka Mto Msimbazi. Nilichuja mito nikabaki na Msimbazi peke yake, nikaunda bafa, yaani ukanda wa umbali huo kuuzunguka mto, kisha nikailinganisha na majengo. Baadhi ya majengo yamehesabiwa mara mbili, na kuna sehemu ya mto isiyo na bafa kabisa. Tatizo ni nini?
Msomaji, Kigogo

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro zote mbili huenda zina chanzo kimoja. Katika OpenStreetMap mto mmoja huchorwa kwa vipande vingi, na kila kipande huwa na safu mlalo yake katika jedwali la sifa, yaani orodha ya maelezo kama jina na aina. Chujio husoma jedwali hilo tu, wala halijui kwamba vipande hivyo ni mto mmoja. Kwa hiyo ukiweka sharti kwamba jina liwe sawasawa na “Msimbazi”, kipande kilichoandikwa “Mto Msimbazi”, au kilichoachwa bila jina, kitaondolewa, na bafa haitakizunguka. Fungua jedwali, ubadili sharti liwe jina lenye neno “Msimbazi”. Vipande visivyo na jina usivichukue kwa jumla, maana utakusanya pamoja navyo mifereji isiyohusika. Ni afadhali uvitambue kwenye ramani na kuvijazia jina katika nakala yako.

Majengo yanayohesabiwa mara mbili ni yale yaliyo mahali ambapo bafa za vipande viwili hupandana. Unapounda bafa, chagua ziunganishwe kuwa umbo moja badala ya kuachwa zipandane.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko hayo. Bila shaka mita 60 umezitoa katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo. Umbali wa kisheria huanzia ukingoni, ilhali mstari wa mto kwenye ramani kwa kawaida hupita katikati ya maji. Mahali ambapo mto una upana wa mita 20, bafa yako itaishia mita 50 kutoka ukingoni, na nyumba zilizo katika mita kumi zilizobaki hutaziona. Pale ambapo eneo la maji limechorwa kama poligoni, yaani umbo lililofungwa pande zote, bafa ianzie kwenye poligoni hilo badala ya mstari. Angalia pia tarehe ya picha ya setilaiti iliyotumika kuchora, kwa kuwa mafuriko ya Msimbazi hula kingo, na ukingo wa miaka michache iliyopita huenda haupo tena. Kwa nyumba iliyo karibu kabisa na mpaka wa bafa, jibu atalitoa mpima ardhi akiwa na vifaa vyake.

SWALI: Je, ramani za mtandaoni, zinazotumia makadirio ya Mercator, yaani njia mojawapo ya kuuchora uso wa dunia kwenye ramani bapa, hazipotoshi umbali wa bafa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hupotosha iwapo programu inapima kwenye ramani bapa badala ya kufuata mviringo wa dunia, na upotoshaji huongezeka kadiri unavyoiacha ikweta. Mita 60 zilizopimwa hivyo London ni takriban mita 37 ardhini. Kwa Mombasa na Dar es Salaam, mita hizo 60 hupungua kwa chini ya nusu mita.